Sufuria za Barazani

Mtu akiulizia nyumba ya Fundi Sufuria, hakuna aliyemwelekeza kwa duka wala kwa nguzo ya umeme. Aliambiwa tu, "Nenda moja kwa moja mpaka macho yakuume." Na kweli, baraza ya nyumba ile ilikuwa imejaa sufuria mpya, kubwa chini ndogo juu, minara minara, na jua likizipiga hata kipofu angejua amefika. Mume alizitengeneza karakanani, mke akaziuza nyumbani. Mke huyo jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahauliwa hata na waliompa. Mtaa mzima ulimwita Mama Sufuria, naye akaitika.

Ila ukivuka kizingiti ukaingia jikoni kwake, ungedhani umekosea nyumba. Sufuria ilikuwa moja tu, ya chuma cha pua, kuukuu, sikio moja limekatika na mfuniko wake umeazimwa kwa ndoo. Humo ulipikwa uji, humo ukapikwa wali, humo maji ya kuoga yakapashwa moto. Watu walimcheka kwamba mfinyanzi hulia gaeni, naye akacheka nao, kicheko cha kumeza. Kila alipomwomba mumewe walau moja ya kupikia, jibu halikubadilika: "Mali ya Mzee Kilo hiyo. Haiguswi." Mzee Kilo ndiye mwenye karakana. Waliomwita hivyo walijua ananunua vyuma chakavu kwa kilo na kuuza sufuria kwa kilo, na huenda hata mkewe alimpima kabla ya kumwoa.

Asubuhi hiyo jirani yake Msusi alipanda barazani na sufuria imetoboka, mtoto ubavuni.

"Jirani, leo nimekuja na pesa, sikuja na maneno."

"Maneno ni bure, kaa kwanza. Hiyo imekuwaje?"

"Niliinunua kwa yule anayetembeza. Uji unachuruzika chini unazima moto. Napika na kuzima moto kwa chombo kimoja."

Mama Sufuria akacheka, akaitupa ile pembeni, akavuta nyingine kutoka mnarani. Hapo ndipo alipokuwa bingwa. "Usinunue sufuria kwa macho, mwenzangu. Macho ni ya kuchagulia kitenge. Sufuria inunue kwa mkono na sikio. Shika hii. Umeusikia uzito kwenye kifundo? Ile nyembamba inaunguza katikati na pembeni kubichi, kama ndoa za siku hizi." Akaigonga kwa kidole kilichokunjwa, ikalia nzito. "Hiyo imeshikana. Ikilia kama kopo, rudisha." Akaigeuza akaitazamisha jua. "Tundu la sindano likiwepo, mwanga utakuambia." Akaiweka juu ya sakafu ya saruji, akaisukuma kwa vidole viwili. Haikutikisika. "Na masikio yake yametoka pamoja na mwili, hayakuungwa. Ya kuungwa yatakuachia maji ya moto mapajani."

"Nataka na ile kubwa," Msusi akasema. "Wageni."

"Wageni wanakuja mara moja, mkaa unanunua kila siku. Chukua ya saizi ya kwako. Mgeni akija utaazima kwa jirani."

Mtoto wa Msusi, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alikuwa ameikumbatia sufuria iliyochaguliwa na kuulamba ukingo wake. Wote wakacheka. Mama mkwe wa Mama Sufuria, aliyekuwa amekaa mkekani akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ichukue, mwanangu," bibi kizee akasema. "Mkwe wangu huyu uongo haujui."

"Lakini mbona yeye hapikii hizi?" Msusi akauliza kwa utani, huku akifungua fundo la kanga.

"Mume wangu mbahili," Mama Sufuria akajibu, akampunguzia bei kwa kukata kwenye faida yake mwenyewe, maana Msusi alikuwa akikaa chini ya turubai kutwa nzima akisuka vichwa vya watu, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa.

Msusi akaenda zake na sufuria kichwani. Utani wake ukabaki. Ulimkaa Mama Sufuria kama mwiba wa samaki, mpaka mchana akainuka, akavuta sufuria ya wastani kutoka mnarani, akaiosha, akaiingiza jikoni.

*

Jioni hiyo alipika maharage kwa nyanya nyingi, akakamulia limau. Yaliiva vizuri, hayakushika chini, na yeye mwenyewe alijisifu moyoni kwamba wateja wake hawadanganywi. Alipopakua, mama mkwe aliisukuma sahani yake kwa ncha ya kidole.

"Leo tumbo limejaa."

"Mama, hujala tangu asubuhi."

"Uzee nao ni chakula. Wape watoto."

Watoto wawili walikuwa wameshaanza. Mama Sufuria alikuwa anajipakulia yake, mumewe alipoingia, akavua viatu, akanusa kwa furaha, kisha akaiona sufuria. Alisimama kama mtu aliyemkuta nyoka kitandani.

"Nani amekuambia upike humo?"

"Nimejikopesha. Nitailipa kwa faida yangu, usiogope."

Mume alimpokonya mtoto kijiko mkononi, kikiwa nusu ya safari kwenda mdomoni. Akaishika sufuria kwa kitambaa, akatoka nayo nje mpaka kwenye shimo la taka, akaipindua yote, maharage na nyanya na mchuzi. Jirani wa upande wa pili alikuwa ukutani akianika nguo.

"Fundi! Maharage yamekukosea nini?"

Watu wakacheka nyumba mbili tatu. Mama Sufuria alisimama mlangoni na upawa mkononi, uso unamwaka. Kuliko kumwagiwa chakula mbele ya majirani, afadhali upigwe. Kofi hupoa, lakini maharage shimoni kila apitaye atayaona.

Mumewe akarudi ndani. "Sukutueni," akawaambia watoto. "Sukutueni midomo, mteme nje. Tena. Tena."

Kisha akachukua majivu na kitambaa, akaisugua ile sufuria ndani na nje mpaka ikarudia kung'aa, akaipeleka barazani, akaiweka juu ya mnara, mahali pake pale pale, tayari kwa mteja.

"Usipike humo," akamwambia mkewe. "Basi."

*

Chakula kilichomwagwa mtu hukisahau. Ila lile neno "sukutueni" lilimgeuzageuza Mama Sufuria kitandani. Mtu haoshi kinywa cha mwanawe kwa sababu ya mali ya tajiri. Kesho yake mchana akafunga chakula cha mumewe kwenye kanga, akaenda karakana. Hakuwa amewahi kufika. Mzigo uliletwa nyumbani kwa mkokoteni, na mumewe siku zote alisema karakana si mahali pa mwanamke.

Harufu ilimlaki kabla ya ukuta. Haikuwa ya moshi. Moshi aliujua, alikuwa ameolewa nao. Hii ilikuwa chachu na tamu kwa pamoja, ikamkaa ulimini kana kwamba amelamba msumari. Ndani ya geti kulikuwa na lundo la kwenda juu kupita paa: vipande vya injini, fremu za madirisha, makopo ya rangi yenye rangi iliyogandia ndani, makopo ya dawa ya wadudu yakiwa bado yanachuruzika. Pembeni wanaume wawili walikuwa wakipasua betri za magari kwa shoka. Maji yake makali yalikimbilia mtaroni, na majani yote ya mtaro ule yalikuwa yamekufa wima, meupe. Vipande vya ndani ya betri, risasi ile nzito ya kijivu, vilikusanywa kwenye karai.

"Hivyo vinakwenda wapi?" akamuuliza kijana ambaye watu walimwita Masizi, ambaye alikuwa akiingia kwake mara kwa mara na mkokoteni.

"Shemeji! Umepotea njia?" Masizi akajifuta uso, akauchafua zaidi. "Vinakwenda humo humo. Alumini ikipungua tunaongezea. Kilo ni kilo."

"Humo" palikuwa tanuri, shimo tu ardhini lenye moto wa kunguruma. Mumewe alikuwa pale, kitambaa puani, akikoroga kwa upawa mrefu. Juu ya uji ule wa chuma ulielea utando mweusi wenye mapovu na nyuzi za rangi, na vitu ambavyo havikuwa na jina, vikipasuka na kutoa moshi wa njano. Mwenzake akaanza kuuengua.

"Usiengue sana!" sauti ikapigwa kutoka ofisini. "Unachotupa hicho ndicho mshahara wako!"

Basi mume wa Mama Sufuria akaukoroga utando ule ukazama, kama mpishi anayerudishia mafuta kwenye mchuzi. Wakamimina kwenye kalibu za udongo.

Chini ya ukuta mzee mmoja alikuwa amekaa na sufuria zilizokwisha kupoa. Nyingi zilikuwa na vitundu. Alichota kwa kidole gumba ile gundi nene wanayozibia mabodi ya magari, akaishindilia kila penye tundu, akapitisha brashi ya waya mpaka pakafanana na kwingine.

"Hiyo itashika mpaka lini, mzee?" Mama Sufuria akauliza.

"Mpaka ifike kwa mwenyewe."

Akakumbuka alivyokuwa akiwatazamishia watu jua. Mwanga haukuwahi kumwambia kitu, na sasa alijua ni kwa nini. Mate yalimjaa mdomoni, akashindwa kuyameza na akaona haya kuyatema.

Kwenye kivuli wafanyakazi walikuwa wanapakua chakula cha mchana. Sufuria yao ilikuwa ya chuma cha pua, ndugu ya ile ya jikoni kwake.

"Mbona hampiki kwenye zenu?"

Walicheka kicheko kimoja, cha watu wanaojuana. "Shemeji, zile si za kupikia," Masizi akasema. "Zile ni za watu."

"Watu gani?"

"Wa nje."

"Nje ya wapi?"

Masizi akafikiri, kisha akaelekeza ukuta kwa kidevu. "Nje ya hapa."

Mzee Kilo akatoka ofisini, kijiti cha meno mdomoni. "Mama Sufuria! Mdomo wa dhahabu! Wenzako wanauza kwa mwezi kile unachouza wewe kwa wiki. Unawalisha nini wateja?"

"Hata mimi ndiyo kwanza nauliza, mzee. Nyumbani kwako mnapikia nini?"

Mzee Kilo akauhamisha kijiti upande wa pili. "Mke wangu ana vyombo vyake vya sandukuni," akasema. "Wewe uza. Nitakuongezea faida kidogo kwa kila mnara." Akatema mate, yakaangukia ndani ya sufuria iliyokuwa inasubiri gundi. Mzee wa brashi akaifuta kwa kiganja, akaendelea.

Mama Sufuria akaweka chakula cha mumewe chini. Mumewe alikuwa amemwona. Hakuinua macho.

*

Alimsubiri mumewe kwa adabu zote. Alipofika akampa maji ya kunawa, akampa kigoda, kisha akakaa mbele yake.

"Watoto uliwaambia wasukutue."

Mume akaendelea kujifuta mikono.

"Mimi hukuniambia."

"Wewe ulikuwa hujaanza kula."

"Umeanza kujua lini?"

"Siku ya kwanza. Pale kila mtu anajua, si siri."

"Si siri! Na mimi nimekaa hapo nje nawagongea watu sufuria kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Nawaapia. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeuza?"

"Nisingeuza."

"Basi," mumewe akasema, kama mtu aliyemaliza kufunga mlango.

Kutoka mkekani mama mkwe akakohoa. Mchele wake ulikuwa mapajani, vidole vinakwenda. "Usimgombeze mume wako. Mimi ndiye niliyemwambia akufiche."

"Mama?"

"Mwongo anauza mara moja, mwanangu. Mkweli anauza kila siku. Uso kama wako haununuliwi dukani. Ungejua, ungeanza kutetemeka kwa mteja wa kwanza, na nyumba ingelala njaa. Tukakuacha na usafi wako. Ni kukutunza huko."

Mama Sufuria alivitazama vile vidole. Jana viliisukuma sahani kwa ncha tu, kama inavyosukumwa maiti ya panya. "Jana ulijua," akasema polepole. "Hukula. Wajukuu wako ukawaacha wanakula."

"Nilijua baba yao yuko njiani."

"Na angechelewa?"

Bibi kizee akatupa chuya pembeni. "Hakuchelewa."

"Sikilizeni," mume akasema, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Mnadhani napenda? Nje kuna watu wamepanga foleni wanaitaka hiyo kazi. Ada, kodi, dawa za mama, vinatoka wapi? Lakini nyumbani kwangu hakijaingia chombo cha pale. Hata kimoja. Nimewalinda."

"Mtoto wa Msusi anakula uji nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Nyumba ya tatu si yangu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayetaja mpaka wa shamba. Mama Sufuria alimtazama mwanaume aliyelala naye miaka yote hiyo, kucha zake safi, maana alizisugua kwa mchanga kila jioni kabla hajagusa wanawe, na akamwonea kinyaa. Si hasira. Hasira ina joto, inapoa. Kinyaa ni kama nywele mdomoni, hata uteme bado unaisikia.

Akainuka. Akaitoa jikoni ile sufuria yao ya pekee, akaiosha, akaifunika kanga, akatoka.

*

Msusi alikuwa chini ya turubai, kichwa cha mteja magotini. Mtoto alikuwa ameketi mavumbini, sufuria mpya katikati ya miguu, anakwangua ukoko wa uji wa limau kwa kijiko. Kijiko kilikuwa kinalia dhidi ya chuma, kwaru, kwaru.

"Huyo anakuja!" Msusi akasema. "Jirani, sufuria inapika! Nimekutangazia kwa wateja wangu, wawili wanakuja kesho."

"Nimekuja kuichukua."

Mikono ya Msusi ikasimama. "Kuichukua vipi? Nimelipa."

"Nitakurudishia pesa."

"Aa, nimeelewa. Umepata anayelipa bei kamili. Ulinipunguzia kwa mdomo, sasa moyo unauma. Ungesema tu, dada, usingenitia aibu mbele ya mteja."

"Si hivyo. Sikiliza." Akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati: betri, utando, gundi, mate. Alieleza na chakula kilichomwagwa, maana kukificha kungekuwa uongo wake wa kwanza. Alipomaliza, yule mteja, kichwa bado kimeinamishwa, akasema kwa sauti iliyobanwa na magoti:

"Mimi nilinunua kwako mwaka jana. Mbili."

Msusi akamsukuma kichwa chake pembeni, akainuka. Akamnyang'anya mtoto kijiko, akamtia kidole mdomoni, akakomba kila kilichokuwa humo, ufizi, ulimi, mashavu, mpaka mtoto akalia na kutapika. Msusi akaendelea kukomba.

"Kwa hiyo mumeo alimwaga chenu," akasema bila kumtazama, "na cha kwetu akakiacha kichemke."

"Ndiyo."

"Na wewe wa kwako wanapikiwa kwenye nini?"

Mama Sufuria akafunua kanga. "Hii. Nimekuletea."

Msusi aliitazama ile sufuria ya sikio moja kwa muda. Akaipokea. Asante hakutoa, na Mama Sufuria hakuwa ameitarajia.

"Kesho nampeleka mtoto zahanati akapimwe."

"Nitakusindikiza."

"Usinisindikize." Akambeba mtoto begani. "Wengine wananiibia, nawajua, najikinga. Wewe uliigonga, nikasikia kwa masikio yangu." Akatema mate chini, kati ya miguu yao, akaingia ndani.

Mama Sufuria hakuyaruka yale mate wala hakujifanya hakuyaona. Yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye.

*

Giza lilipoanza kuingia watoto waliomba chakula. Mume akaingia jikoni, akatoka.

"Maharage yapo, nyanya zipo. Sufuria iko wapi?"

"Imehama. Iko nyumba ya tatu."

"Sasa tutapikia nini?"

"Chagua." Mkewe akamwelekeza barazani. "Zipo za kila saizi. Nzito, hazitikisiki, zinadumu. Chagua, Fundi, nipike."

Alisimama mbele ya kazi ya mikono yake. Mama mkwe alitoa kichwa dirishani, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akakirudisha ndani. Fundi alisimama pale mpaka akaona aibu ya kusimama, kisha akateremka barabarani, akarudi na mkate. Wakaula mkavu. Bibi kizee aliuloweka wake kwenye maji baridi, akalalamika kwamba fizi zinamuuma.

Kuanzia kesho yake Mama Sufuria akakaa barazani kwenye kiti chake kama kawaida. Mteja akija akimuuliza bei, alimwambia, "Usinunue hii," akamweleza kilichomo, bila kupunguza na bila kuongeza. Wengine walimshukuru. Wengine walikasirika, kama yule mama aliyesema, "Sasa maskini apikie wapi, kwenye kiganja?" Akamwambia atafute ya chuma cha pua hata kama ni kuukuu, hata kama sikio halipo, moja badala ya tatu. Yule mama akasonya, akaenda kununua kwa anayetembeza. Wale waliokuwa wamenunua zamani walikuja usiku na mchana, wengine na sufuria, wengine na matusi tu. Alipokea vyote. Pesa aliyokuwa nayo ikaisha kwa kurudisha, na ambao hakuwafikia aliwaahidi.

Mzee Kilo hakupiga kelele. Alikuja mwenyewe, akazitazama sufuria, akamtazama Mama Sufuria kama bidhaa iliyoharibika njiani.

"Umechoka, mama. Pumzika. Mtaa wa nyuma kuna mjane mmoja fundi cherehani, mpole, mcha Mungu. Watu wanamwamini sana." Akamgeukia Fundi. "Pakia. Ukitaka kubaki kazini, pakia wewe mwenyewe."

Na Fundi akapakia. Alibomoa minara, sufuria kubwa kwanza, ndogo ndani yake, akazifunga kwa kamba kwenye mkokoteni. Majirani walitoka milangoni. Msusi naye alikuwa kwenye turubai lake, mtoto mgongoni, akitazama. Mama mkwe alishika nguzo ya baraza tupu. "Umeridhika sasa?" akamuuliza mkwewe. "Kazi ni ile ile, wewe tu ndiye umeikosa."

Mama Sufuria alijifunga kanga kiunoni ikakaza, akakiinua kiti chake, akakitua kichwani.

Mkokoteni ukaanza kuteremka, sufuria zikigongana, na mumewe mbele anavuta. Aliposikia nyayo nyuma yake akageuka.

"Unakwenda wapi na kiti?"

"Kazini."

"Huko si kwako. Huyo mjane humjui."

"Nitamjua. Nitakaa mbele ya baraza yake, upande wa pili wa barabara. Barabara si ya Mzee Kilo."

"Mke wangu, watakucheka watu."

"Vuta, baba. Jua linapanda."

Akavuta. Alijaribu kuongeza mwendo, naye akaongeza, mkono mmoja umeshika kiti na mwingine unapunga kando kama wa askari. Wakashika mtaa wa nyuma hivyo hivyo, mkokoteni mbele ukimeremeta, na yeye nyuma yake.